Ubeti wa Bondeni

Mimi ni mtu wa kung'ang'ania. Walimu wenzangu hunitania kwamba nikishika jambo, hata mbwa mwenye mfupa anaomba tuition kwangu. Nimeanza na hilo makusudi, ili nitakapofika kwenye ubishi wangu na mzee wa enanga, msije mkasema sikuwaonya. Kuna wimbo mmoja niliouhifadhi kwa mikono yangu miwili, nikauandika, nikaufundisha, nikaupigia muhuri. Wimbo huo ulikaribia kuifukuza familia ya mwanafunzi wangu kwenye kibanja chao, shamba lao la migomba na kahawa. Mpaka leo ninapoandika, sijui kama umemaliza kazi yake.

Nilizaliwa Bakoba, mjini Bukoba, katika nyumba ya Waislamu ambako Kiswahili kilitawala kuanzia jikoni hadi sebuleni. Kihaya changu ni cha sokoni. Naweza kuulizia mkungu wa ndizi na kupatana bei, lakini mtu akifiwa sina la kusema. Nilipopangiwa kufundisha katika sekondari moja huko Muleba, si mbali na Nshamba, nilidhani watoto wa huko watanicheka. Haikuwa hivyo. Niliwakuta wako kama mimi, na wengine wamenizidi. Bibi anamsemesha mjukuu kwa Kihaya, mjukuu anamjibu kwa Kiswahili akiangalia pembeni, na kila mmoja anaona mwenzake ndiye mwenye kasoro.

Nilikabidhiwa kwaya ya shule. Ilikuwa kwaya kama zilivyo nyingi: wimbo wa kutunza mazingira, wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi, wimbo wa kumuaga huyo huyo mgeni rasmi. Muhula mmoja ulitosha kunichosha. Nikawaambia wanafunzi: Ijumaa nendeni nyumbani, Jumatatu kila mmoja aniletee wimbo mmoja wa zamani kutoka kwa babu au bibi. Walionekana kuona aibu, lakini walileta. Walileta nyimbo za kubembeleza watoto, za kupalilia, za kumsindikiza bibi harusi, hata moja ya kuokota senene, panzi wetu wa kuliwa, ambayo ilitufanya tucheke hadi machozi. Tuliziandika ubaoni kwa nota, do re mi, sauti zote nne. Baada ya mwaka mmoja wanawake waliokuwa wakirudi shambani walianza kusimama kwenye ua wa shule, jembe begani, wakisikiliza mazoezi. Mmoja alilia. Nilijiona nimeokoa kitu, na sitadanganya, nilivimba kichwa.

Sauti ya kwanza iliongozwa na msichana wa kidato cha tatu. Alikuwa mwembamba, mwenye tabia ya kuvuta mikono ya sweta hadi ifunike vidole. Sauti yake haikusukumwa kama za wenzake. Ilikuja tu, na wengine wote wakanyamaza wenyewe kuisikiliza. Kwao ni mwendo wa nusu saa kutoka shuleni, kibanja kinachoteremka kutoka barabarani hadi kwenye kijito. Nilikwenda huko mara ya kwanza kuomba ruhusa ya mazoezi ya jioni. Baba yake, mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache, alinikaribisha kiti. Bibi yake, mama mzazi wa huyo baba, aliniletea kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu na kunionyesha migomba kwa kidole.

"Huku juu ni uzuri wa macho tu, mwalimu," alisema. "Tunakula kutoka bondeni."

Nilishuka kuangalia. Udongo wa bondeni ulikuwa mweusi na unyevu, mikungu imelemea mpaka wameiwekea miti ya kuegemea. Mchana kweupe, chini ya migomba ile kulikuwa na giza la kupendeza. Siku ile nililiona la kupendeza.

Tulikuwa na nyimbo za akina bibi, lakini hatukuwa na wimbo hata mmoja wa enanga, ile zeze ndefu ya mti inayolazwa mapajani, ambayo wazee waliipiga wakisimulia ya wakubwa na ya koo. Nikaambiwa yupo mzee mmoja upande wa Rubya, karibu wa mwisho. Jumamosi moja nikamchukua yule msichana awe mkalimani wangu, tukaenda.

Mzee alikuwa amekaa nje, anaanika kahawa. Tulimsalimu, akaitika, kisha kabla hata hajauliza tunataka nini akamgeukia msichana. Huyu ni wa nani? Wa wapi? Babu yake alikuwa nani, na baba wa babu? Msichana alijibu yote, kwa heshima, mikono imefichwa ndani ya sweta. Mzee akatikisa kichwa. Niliona ni adabu za wazee, nikakaa nikisubiri zipite. Hatimaye alileta enanga, akaikaza nyuzi, akatuimbia wimbo mmoja mrefu. Niliurekodi kwenye simu. Ulisimulia jinsi ukoo mmoja wa kijiji cha shule yetu ulivyofika, ukakata msitu, ukapanda migomba, ukagawana milima. Sikuelewa hata nusu, lakini nywele zilinisimama.

Nyumbani nilipokaa kuuandika kwa nota, nikakuta jambo. Kati ya ubeti wa pili na ule uliofuata, mzee alipiga nyuzi tu, mdomo umefungwa, kwa urefu ule ule wa ubeti mzima. Nikahesabu mapigo mara tatu. Hapo palikuwa na maneno, na mzee alikuwa ameyaruka.

Mtu mwingine angeacha. Jumamosi iliyofuata nilirudi Rubya, peke yangu.

"Leo umekuja bila mtoto," mzee aliniambia kwa Kiswahili chake cha pole pole.

"Nimefuata ubeti wa tatu, mzee wangu."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mwalimu, mimi nikialikwa nyumbani kwa watu, kwanza nauliza nani amekaa. Nikishajua, najua cha kuimba na cha kumeza. Hivyo ndivyo alivyonifundisha aliyenifundisha. Anayeimba bila kuuliza, anaimba ugomvi."

"Sisi hatuimbi nyumbani kwa mtu. Sisi ni shule. Hatuchagui, tunahifadhi."

"Ubeti huo haujapotea. Ninao."

"Na ukifa, mzee?"

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu, kwa mtu wa umri wa babu yangu. Alinitazama. Sijui aliona nini, pengine aliona kwamba sitaondoka. Akachukua enanga, akauimba ubeti ule kwa sauti ya chini, mara moja tu, na simu yangu ikaumeza wote.

"Utunze," alisema. "Usiuimbe."

Nikasema sawa. Mwalimu mwenzangu wa Kihaya safi alinitafsiria. Kwa Kiswahili ulikuwa hivi: Alikuja na mkeka kichwani, na hapo linatajwa jina la mtu, la kawaida huku, tukamwonyesha bondeni, tukamwambia lima. Lima ule, na wanao wale, tumekuazima tu, mpaka mtoto wetu akue. Basi, mistari minne. Nikaona ni historia nzuri ya ukarimu: mgeni amepewa pa kulima. Wiki tatu nilishika ahadi. Wiki ya nne nikajiambia kwamba wimbo wenye pengo si wimbo uliohifadhiwa, nikauandika ubaoni.

Msichana alikuwa mstari wa mbele. Aliusoma ubao, akainama. Baada ya mazoezi alikuja.

"Mwalimu, wimbo ni mrefu. Ubeti wa tatu tungeuacha."

"Uvivu," nilimwambia nikitabasamu.

Siku mbili baadaye alinifuata ofisini kwa walimu. "Basi ubeti wa tatu aimbe mwingine."

Nilimweleza kwamba mwingine hana sauti ile, kwamba woga ni wa kawaida, na kwamba asiponiimbia huo nitamwondoa kwenye uongozi wa sauti ya kwanza. Nilidhani namsaidia. Akasema, "Sawa, mwalimu," na hakurudi tena kuomba.

Tuliuimba kwenye mahafali ya kidato cha nne. Wazazi walijaa chini ya maturubai. Bibi na baba yake msichana walikuwepo, safu ya nne hivi. Kabla ya kuanza nilishika kipaza sauti, na maneno niliyosema nayakumbuka yote, maana nililazimishwa kuyasikia tena: "Wazee wetu, mtakachosikia ni historia yetu halisi. Hatukuongeza neno, hatukupunguza neno."

Beti mbili za kwanza zilishangiliwa. Wazee walipiga makofi ya kufuata mdundo, akina mama wakapiga vigelegele. Kisha msichana akasogea mbele akaanza wa tatu peke yake. Jina lilipotajwa, makofi yalikufa. Hayakupungua, yalikufa. Nilikuwa nimewapa mgongo wazazi, naongoza kwa mikono, nikafikiri wamezidiwa na uzuri. Nilipogeuka niliona watu hawamtazami mwimbaji. Wanatazama safu ya nne. Bibi alikuwa ameshasimama na baba amemshika mkono akimkalisha.

Upande wa pili, mtu mmoja alikuwa ameinua simu, anarekodi. Alikuwa mjumbe wa kamati ya wazazi, mwanamume nadhifu, mpole wa sauti, wa ule ukoo unaosifiwa katika wimbo. Hakuwa amewahi kunikosea heshima hata siku moja.

"Rudia, mwalimu!" aliita. "Ubeti huo urudiwe!"

Kwetu mtu akipenda wimbo huomba urudiwe. Nikainua mikono, na msichana akaurudia.

Baadaye mjumbe alikuja kunipongeza. Akaniomba maandishi ya wimbo, kwa kumbukumbu za ukoo, alisema. Nilifurahi mno. Niliyachapa Kihaya na Kiswahili sambamba, nikaandika juu "Wimbo wa Asili", na kwa kuwa napenda mambo yakamilike, nikaugonga muhuri wa shule. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema. Mimi kimya kile nilikitafsiri kuwa makofi.

Siku tisa zikapita. Siku ya kumi asubuhi, baba yake msichana aliteremka kibanjani akakuta milamula imepandwa. Mgeni wa huku anaweza kuiona ni mimea tu yenye majani marefu, lakini mulamula ndio mpaka wetu. Ukipandwa mahali, pamesemwa kitu. Ilikuwa minane, imenyooka mstari mmoja, ikilitenga bonde na sehemu iliyobaki ya kibanja. Aliing'oa yote. Kesho yake ilikuwa imepandwa tena, pale pale, minane. Hakumwona mtu. Majirani waliokuwa wakipita kwenye kijito kuchota maji walianza kuzunguka njia nyingine, na waliokuwa wakimsalimu kwa jina la kibanja chake wakaanza kumsalimu kwa "habari za leo" kavu.

Habari nilizipata shuleni, kutoka kwa wanafunzi, kwa minong'ono. Video ilikuwa imeshazunguka kwenye makundi ya simu ya ukoo ule, mpaka kwa walio Mwanza na Dar es Salaam. Msichana hakuja kwenye mazoezi. Darasani alikaa akiangalia daftari ambalo halikuwa na kitu.

Nilikwenda kwao mchana. Nilikalishwa kiti, lakini kijikapu cha kahawa hakikuja. Bibi alikuwa mlangoni, mgongo ameuegemeza fremu.

"Mwalimu," alisema, "mimi niliolewa hapa nikiambiwa jambo hilo usiku wa kwanza, na nikaambiwa nisilitoe mdomoni. Mkwe wangu alikufa nalo. Mume wangu alikufa nalo. Ukoo wa mjumbe nao walinyamaza, kwa sababu wazee wao walikuwa na haya. Waliokuwa na haya wamekufa wote."

Niliomba radhi. Radhi yangu ilikaa pale sebuleni, hakuna aliyeipokea, na kwa kweli haikuwa na kazi. Baba aliniambia tu kwamba baraza la wazee wa kijiji limewaita Jumanne, na mimi pia nitaitwa.

Msichana alinisindikiza hadi barabarani. Tulipanda kati ya mibuni. Karibu na barabara akasimama.

"Nilijua, mwalimu. Mzee wa Rubya alipomaliza kuniuliza ukoo, nilijua kuna kitu. Na ulipoandika ubaoni nililiona jina. Ni baba wa babu yake baba, ndiye tunayebeba jina lake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Ningesema sababu, si ndiyo ningekuwa nimeshalisema?"

Akavuta mikono ya sweta.

"Jumanne sema tuliutunga. Sema ubeti ule uliutunga wewe, shuleni."

Hasira ilinipanda, nakiri. Nilimwambia kwamba mimi ni mwalimu, kwamba mzee wa Rubya yupo hai, kwamba ushahidi wa uongo katika dini yangu si dhambi ya kuchezea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu," kwa sauti ile ile ya ofisini, akageuka kuteremka. Nilisimama barabarani nikimwangalia mpaka migomba ikamfunika, na nilijua kwamba nikisema ukweli Jumanne, sitaweza kuingia tena darasani kwake.

Baraza lilikaa kwenye ofisi ya kijiji, asubuhi ya ukungu. Wazee saba, mwenyekiti, mjumbe wa kamati ya wazazi na ndugu zake wawili, baba na bibi yake msichana. Kwenye benchi la nyuma, peke yake, alikaa mzee wa enanga. Walikuwa wamemfuata Rubya. Hakuja na chombo chake. Nilimsalimu, akaitika bila kunitazama.

Mjumbe alizungumza kwa upole wake. Hakutaka ugomvi, alisema. Hakudai kibanja chote. Alidai bondeni, palipoazimwa. Akaweka simu juu ya meza, akaiwasha, na ofisi nzima ikajaa sauti yangu: hatukuongeza neno, hatukupunguza neno. Kisha sauti ya msichana. Wakati ubeti unaimbwa bibi alifumba macho. Mwenyekiti akamwuliza baba kama anaifahamu sauti hiyo.

"Ni ya mwanangu," alijibu.

Mjumbe akatoa karatasi yangu yenye muhuri, akaisogeza mbele. "Wazee wamesema wenyewe: mpaka mtoto wetu akue. Waheshimiwa, mtoto amekua."

Nikaitwa. Nilikuwa nimetembea njia nzima bila kuamua, na niliposimama bado sikuwa nimeamua. Nilimtazama bibi. Alikuwa amefungua macho, lakini hakunisihi kwa chochote, alinitazama kama anavyotazamwa mtu ambaye ameshafanya alichofanya.

"Ubeti wa tatu niliutunga mimi," nilisema.

Ndugu mmoja wa mjumbe alicheka. Mwenyekiti akaniuliza, na jina je? Nikasema nilihitaji jina la kuingia kwenye mdundo, nikafungua daftari la mahudhurio, nikachukua jina la tatu la mwanafunzi wangu bila kufikiri. Na maneno ya kwenye kipaza sauti? Nilijigamba, nikasema, mbele ya mgeni rasmi. Na karatasi ya "Wimbo wa Asili" yenye muhuri? Nikasema nyimbo za asili zinapendwa kwenye mashindano, niliona tukisema tumetunga tutadharauliwa. Uongo ulinitoka mmoja baada ya mwingine, laini, kila mmoja ukiniaibisha zaidi ya uliotangulia, na kwa sababu uliniaibisha, waliuamini. Niliona wazee wawili wakitikisa vichwa kwa kunisikitikia, mwalimu wa watu, msomi, mwongo.

"Basi tumsikie aliyekupa wimbo," mjumbe alisema.

Mzee alisimama kwa kusaidiwa na fimbo. Aliangalia kila uso chumbani, mmoja mmoja, bila haraka. Alimwangalia mjumbe, akamwangalia baba, akamwangalia bibi muda mrefu kidogo. Kwangu hakufika.

"Waitu," alianza, neno la heshima la kwao, "nilimwimbia mwalimu wimbo wa ukoo huu. Ubeti huo wa bondeni siujui. Watoto wa siku hizi wanatunga."

Akakaa. Baraza likaamua kwamba wimbo wa shule si mpaka, na milamula ing'olewe na aliyeipanda. Nje, nilimfuata mzee kumshika mkono. Aliuondoa mkono wake taratibu, akapanda bodaboda akarudi Rubya. Hakuishi mpaka msimu wa senene. Mazishini hawakupiga enanga, kwa kuwa hakuna aliyejua.

Mjumbe naye alinijia siku ile ile nje ya ofisi, akitabasamu.

"Mwalimu, hongera. Sikujua una kipaji hicho. Wimbo mzuri namna ile usiishie hapa."

Haukuishia. Kwenye kikao cha kamati, yeye ndiye aliyependekeza upelekwe kwenye mashindano ya kwaya za shule mjini Bukoba, kundi la nyimbo za kutunga, maana wimbo ulioongezwa ubeti, alisema, si wa asili tena. Mkuu wa shule akafurahi. Ningekataa kwa sababu gani? Mtu hakatai wimbo wake mwenyewe. Nilichoweza kufanya ni kuuondoa ubeti wa tatu, nikasema ulileta maneno. Mjumbe aliinamisha kichwa kukubali, na akajitolea kutusindikiza. Msichana alikuwa ameacha kwaya. Aliongoza mwingine.

Sasa nimtaje mama yangu. Anaishi bado Bakoba, mjane. Kabla ya kuolewa na baba na kusilimu, alikuwa binti wa wakulima wa huku huku Muleba, lakini utotoni mwetu hakutuimbia kitu zaidi ya kaswida. Nilituma watoto wa watu kwa bibi zao Ijumaa baada ya Ijumaa, mwenyewe sikuwahi hata siku moja kumwuliza mama yangu kama anajua wimbo. Nilimwalika kwenye mashindano kwa sababu ukumbi uko karibu na kwake.

Alikaa safu ya mbele na mtandio wake wa sikukuu. Mjumbe alikaa nyuma yake safu mbili. Mtangazaji alinitaja mimi kama mtunzi, watu wakapiga makofi, mama akajifuta macho kwa fahari. Tuliimba. Tulipomaliza nikaenda kukaa kando yake, naye akaniinamia.

"Mmeruka bondeni," alisema.

Kabla sijamshika mkono alikuwa ameshaanza, kwa Kihaya, kwa sauti nyembamba ya mwanamke mzee ambaye hajaimba miaka mingi: mkeka kichwani, kisha jina, lile lile, herufi kwa herufi. Watu wa karibu waligeuka wakitabasamu. Nyuma yetu kiti kililia. Mjumbe alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, anasikiliza.

"Mama," nilisema kwa sauti ya kusikika, "wimbo huu nimeutunga mimi."

"Ah. Mama yangu alikuwa akiuimba tukipalilia."

"Hapana, mama. Ule ni mwingine. Umechanganya."

"Sehemu hii ya bondeni..."

"Haipo sehemu hiyo, mama. Haijawahi kuwepo."

Alinitazama. Mama yangu hajawahi kuwa mtu wa kusahau. Ndiye anayetunza tarehe za kuzaliwa za mtaa mzima. Nilimwona akirudi nyuma kichwani mwake, akitafuta shamba lile, jembe lile, sauti ya mama yake, na kila alichokishika akikiacha kwa sababu mimi, mwanawe aliyesoma, nimesema hakipo.

"Basi ni uzee huo, mwanangu," alisema, akautengeneza mtandio.

Nyuma, mjumbe aliegemea kiti chake tena. Tulipata nafasi ya pili. Familia ile bado inalima bondeni, na mjumbe bado hunisalimu kwa upole kila kikao. Mama yangu, tangu siku ile, akikumbuka jambo la zamani hunipigia simu kwanza kuniuliza kama lilikuwepo.